Sukari ya Alhamisi

Ungetaka kumwona mtu aliyeridhika na nafsi yake, ungekwenda kliniki ya sukari Alhamisi asubuhi, ukamtazama Sista akifungua darasa. Gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mkononi ana fimbo ya kuonyeshea picha. Sauti ni ya mtu anayehutubia uwanja wa mpira, ingawa chumba chenyewe kilikuwa na mabenchi manne, feni moja, na dirisha lililogoma kufunguka tangu lipakwe rangi.

Ukutani kulikuwa na picha ya sahani: nusu mboga, robo hiki, robo kile. Pembeni yake kulikuwa na picha ya mguu, mkubwa kama mtoto mchanga, wenye mishale inayoonyesha pa kukagua. Wagonjwa waliijua ile sahani kwa moyo. Ungewaamsha usingizini wangekutajia bila kukosea. Kuitaja, jamani. Kuila ni habari nyingine.

Lakini kilichomvimbisha Sista kichwa ni makofi. Huo ulikuwa ubunifu wake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Kila Alhamisi mgonjwa alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye mashine, na namba ikasomwa kwa sauti mbele ya wote. Ikiwa nzuri, darasa zima linapiga makofi. Mwenye namba nzuri kuliko wote anakalishwa kwenye kiti cha mto, chini ya feni, na zawadi yake ni kusamehewa foleni ya kukaguliwa miguu. Ikiwa mbaya, kimya. Na kile kimya, ee, hata mwizi mzoefu angeona haya. Baada ya hapo unaelekezwa kwenye ile foleni, ukavue viatu kama mtoto aliyejikojolea shuleni.

Tumtendee haki, hakuanzisha darasa kwa kutafuta sifa, ingawa sifa zilipokuja hakuzifukuza. Baba yake aliuawa na kisukari kwa mafungu: kwanza kidole, kisha mguu, kisha mguu wa pili, kisha yeye mzima. Wakati wanamzika, mama naye alikuwa tayari anameza vidonge vya ugonjwa ule ule. Sista alijiapiza pale kaburini kwamba miguu ya mama haitakwenda popote. Hilo ndilo alilolitaka duniani. Vyeti, fulana za mradi na picha na wakubwa vilikuwa mbwembwe tu.

Na mama, wala hakumwangusha. Ndiye aliyekuwa bingwa. Wenzake walimwita Mama Sista, na Alhamisi baada ya Alhamisi namba yake ilikuwa tano, au tano na kidogo, namba ya msichana asiyejua hata kisukari kinaandikwaje. Alikalia kile kiti mpaka mto ukachukua umbo lake. Sista alikuwa akiushika mkono wa mama, akiuinua juu kama wa bondia aliyeshinda, na kusema, "Mnaona? Inawezekana!" Makofi yalikuwa yanasikika mpaka wodi ya wazazi.

Aliyevuta mkia siku zote ni Dereva, mzee mmoja mstaafu wa malori, mtu wa tumbo na kicheko. Namba yake ilikuwa tisa. Ikizidi, kumi. Wiki nenda, wiki rudi.

"Mzee wangu, tena?" Sista angesema, kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

"Nimekunywa chai, Sista. Asubuhi watu wanakunywa chai."

"Mbona wenzako wanaweza?"

"Wenzangu ni malaika. Mimi ni dereva."

Basi Dereva alikuwa anapelekwa kwenye foleni ya miguu, anavua viatu, miguu yake inakaguliwa kidole kwa kidole, anaonekana mzima, anavaa, anaondoka zake. Hakuna aliyempigia kofi hata moja, na Sista alikuwa akimwombea kimoyomoyo, maana aliamini ndiye atakayekufa kwanza.

Sasa nikuambie ambacho Sista hakukijua. Kliniki ile ilikuwa na madarasa mawili. La ndani lilikuwa lake. La nje lilifundishwa kwenye benchi la saruji karibu na bomba la maji, kabla mlango haujafunguliwa, na mwalimu wake alikuwa mama yake mzazi. Hilo la nje ndilo lililokuwa na wanafunzi makini. Mgonjwa mpya alikuwa akifika tu, Mama Sista anamsogezea nafasi, anamshika goti, anaanza.

"Sikia mwanangu, usije ukatuaibisha humo ndani. Jumatano mchana ndiyo mwisho wa kula. Maji kunywa, mengi. Asubuhi ya leo usiguse kitu, hata chai ya rangi. Vidonge vya asubuhi umeze na vya jioni pamoja. Halafu zunguka jengo hili kwa miguu mpaka jasho likutoke. Utaona makofi."

Mpango ulikuwa na huduma kamili, tena kuliko ule wa serikali. Ulikuwa na mafunzo kwa wapya, ushauri kwa waliokata tamaa, na sherehe baada ya kazi. Maana darasa la ndani likiisha, mabingwa wote walikuwa wanavuka barabara kwa pamoja, wanaingia kwenye kihoteli kilichotazamana na geti, na kuagiza chai ya maziwa iliyokolea sukari mpaka kijiko kinasita, na keki juu yake. Walikula kama watu waliotoka jela. Na Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kila mtu alikuwa na uhuru wake. Wakati huo Sista yuko ofisini, anaandika ripoti kuhusu mabadiliko ya tabia.

Dalili zilikuwepo, tusidanganyane. Siku moja fundi cherehani, mama mwembamba aliyekuwa akishindana na Mama Sista kwa karibu sana, alianza kutetemeka kwenye benchi, jasho likimtiririka, macho yakimpotea. Sista, mtaalamu wa sukari mwenye vyeti vitatu ukutani, alitangaza kuwa ni hewa nzito na akaagiza dirisha lifunguliwe. Dirisha, kama tulivyosema, lilikuwa limegoma. Wakati watu wanapambana nalo, Dereva alitoa mkate mfukoni akamlisha fundi, fundi akarudi duniani. Unadhani Dereva alishukuriwa? Alikemewa mbele ya wote kwa kuingiza mkate darasani.

Ndipo akaja Mratibu. Huyu alikuwa mkubwa wa mradi kutoka makao makuu, mtu wa tai na maneno marefu, ambaye kila akiona kitu kinachopumua anakiita mfano wa kuigwa. Alikuwa amezisoma ripoti za Sista na zimemkosesha usingizi kwa furaha. Alitaka makofi yapelekwe kwenye kliniki zote. Na kwa kuwa wafadhili ni watu wa kupenda ushahidi, alikuja na zawadi: mashine mpya, nyeupe, ndogo kama redio, ya kupima sukari kwa namna nyingine.

Sista aliipokea kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya darasa, akaeleza kwa furaha ya mtu anayejichimbia shimo bila kujua.

"Wapendwa, leo hatutatumia ile mashine ya zamani. Ile inasoma sukari ya dakika hii tu. Hii inasoma kumbukumbu ya damu. Sukari inang'ang'ania kwenye damu, haitoki upesi. Kwa hiyo kipimo hiki hakijali jana ulikula au hukula. Kinatuambia sukari yako imekuwaje miezi mitatu yote."

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na shughuli zake.

"Miezi mitatu yote?" fundi cherehani aliuliza. "Pamoja na Ijumaa?"

"Pamoja na Ijumaa, mama."

"Na siku za harusi?"

"Zote. Damu haichagui siku."

Mama Sista alisimama, akajifunga mtandio vizuri. "Mwanangu, nimekumbuka nimeacha maharage jikoni. Yataungua."

"Kaa, mama," Sista alisema akicheka, akimgeukia Mratibu. "Huyu ndiye bingwa wetu. Ana aibu, hapendi kuonekana."

Mratibu alipiga makofi peke yake.

Walianza kupimwa. Sista alikuwa ameeleza kwamba chini ya saba ni vizuri, na kadiri inavyopanda ndivyo mwili unavyoungua ndani kwa ndani. Wa kwanza akatoka na kumi. Wa pili kumi na moja. Fundi cherehani, kumi na moja na nusu. Sista alitabasamu tabasamu la mtu anayekalia msumari. Akaja Dereva, akaketi na tumbo lake, akanyoosha kidole huku akitazama dari. Mashine ilifikiri, ikatoa saba kasoro kidogo.

"Imeharibika," Sista alisema hapo hapo.

"Pengine joto la safari," Mratibu alisema, akiipapasa.

"Hata mimi ningeshangaa," Dereva alisema. Alikuwa ni mtu ambaye mkewe alimpimia chakula kama dawa, akamtembeza kila jioni kwa nguvu, na kosa lake pekee lilikuwa kuja kliniki akiwa amekunywa chai. Lakini nani angemuuliza? Alikuwa amefeli.

Akabaki bingwa. Mama Sista alitoa kidole kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba. Wakasubiri. Sista alikuwa anaomba, na alikuwa anaomba kwa dhati, midomo ikicheza.

Kumi na tatu na nusu.

Ilikuwa namba mbaya kuliko zote mle ndani. Ilikuwa namba ya baba mwaka ule alipoanza kukatwa. Sista aliijua ile namba kama anavyolijua jina lake.

"Hizi mashine za kuletwa hizi," Mama Sista alisema, akisimama. "Haya, mimi nawahi maharage yangu."

"Mama, foleni ya miguu."

"Nani? Mimi?"

"Namba ikiwa mbaya ni foleni ya miguu. Ndiyo utaratibu." Sauti ya Sista ilikuwa imebadilika. Alikuwa anaitazama miguu ya mama yake, na ndipo alipoona, kwa macho yale yale aliyokuwa nayo kila wiki, kwamba mama amevaa viatu vya kufunika na soksi nzito katika joto lile, wakati wenzake wote wana ndala. Na kwamba kutoka kwenye kiti mpaka pale aliposimama, alikuwa amejikongoja kwa kuegemea benchi.

Walikwenda wawili tu, chumba cha kufungia vidonda, mlango ukafungwa. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha mpira, beseni na harufu ya dawa. Mama alikaa kitandani, mkoba mapajani, kama abiria anayengoja safari isiyomhusu.

"Vua kiatu, mama."

"Sina kidonda."

"Sijasema una kidonda. Nimesema vua kiatu."

"Tangu lini mama anavuliwa viatu na mtoto aliyemzaa?"

Sista alipiga magoti akakivua mwenyewe. Harufu ilitangulia. Soksi ilikuwa imegandia, ikabidi ailowanishe kwa maji ya uvuguvugu, aibandue taratibu. Mama alikuwa anamtazama tu, wala hakukunja uso, na hilo ndilo lililomtisha Sista zaidi, maana pale palitakiwa paume. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vyeusi.

"Tangu lini?"

"Kiatu kilinibana kwenye harusi ya jirani."

"Mama! Yule bibi harusi sasa hivi ana mimba ya kuzaa kesho!"

"Hakikuwa kinauma."

"Ndiyo hatari yenyewe! Si nafundisha kila Alhamisi? Si kuna mguu mzima pale ukutani?"

"Nimekusikia. Unafundisha vizuri sana," mama alisema, na hakuwa anamdhihaki. Aliamini hivyo.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Pale mbele za watu, umenishika mkono juu?"

"Nyumbani! Si nakuja nyumbani?"

"Unakuja. Unauliza namba, unaondoka." Mama aliufungua mkoba, akaufunga. "Sikia mwanangu. Tangu tumzike baba yako hukuwa unacheka. Nilikuwa nakutazama, mtoto mzuri, uso umekauka kama gome. Halafu siku moja nimekuja kliniki bila kula, nilikuwa nimechelewa tu, sikuwa na nia mbaya. Namba ikatoka nzuri, ukacheka. Ukacheka mpaka nikaona jino la nyuma. Nikasema, kumbe ni hivi? Nikikaa na njaa siku moja mwanangu anacheka wiki nzima, nimepungukiwa nini?"

Sista aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake la pasi, mguu wa mama mapajani, na akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama alimpigapiga kichwani, akamwambia asilie, vidole vyenyewe ni vidogo.

Mratibu alikuwa anangoja nje ya mlango na uso wa msiba. Si msiba wa vidole, hapana, alikuwa hajaambiwa habari za vidole. Alikuwa na mawazo. "Sista, nimefikiri. Tunaweza kuandika kwamba mashine ilikuwa bado kwenye majaribio. Zile namba za Alhamisi ni nzuri mno, ni hasara kuzitupa."

Sista alimtolea uvivu. "Andika hivi: darasa hili limefundisha watu wazima kushinda na njaa ili nesi afurahi. Andika kwamba waliozawadiwa ndio ambao hatukuwakagua miguu. Na andika kwamba aliyepanga hivyo ni mimi, nina vyeti vitatu."

"Ni maneno mazito hayo."

"Basi niitie gari la wagonjwa, hayo mazito nitayabeba mwenyewe."

Gari alikwenda kuita. Maneno hakuyaandika, aliandika kwamba darasa lilikumbana na changamoto. Mungu amjalie cheo kingine, anakistahili.

Hospitali kuu, daktari wa upasuaji alivitoa vile vidole viwili. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mguu tumeuokoa," alimwambia Sista koridoni, akivua glavu. "Kwa sasa." Kisha akaenda zake, akamwachia Sista lile "kwa sasa" alale nalo, aamke nalo.

Mama hakulia walipomwambia, wala alipoamka na bandeji. Aliwachekesha manesi, akawauliza kama vidole vyake vimepewa kaburi au vimetupwa tu. Majirani wa wodini walimpenda siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa ameshajua watoto wa kila mmoja wanasoma wapi.

Saa za kuona wagonjwa, Sista alifika na nguo za kawaida. Njia nzima alikuwa amejipanga. Alikuwa na hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, yenye sehemu ya sahani na sehemu ya vidonge. Akafika kitandani, akaweka kikapu chini, akamwona mama anavuta shuka haraka haraka kufunika kitu kando ya mto wa kulalia. Hotuba ikamfika kooni.

Akaimeza. Ilikuwa kazi kubwa kuliko yote aliyoifanya mwaka ule.

"Mama, umekula nini leo?"

Mama alimpima kwa macho. "Anayeuliza ni nani? Nesi au mwanangu?"

"Mwanao."

"Maana nesi ningemwambia nimekula mboga za majani."

"Najua, mama."

Mama akafunua shuka. Kando ya mto kulikuwa na chupa tupu ya soda na karatasi ya keki, imekunjwa vizuri mno. Wageni wa kitanda cha pili walikuwa wakarimu. Mama aliviangalia kama vile vimeletwa na mtu mwingine, akangoja kupigwa na yale maneno anayoyajua.

"Ilikuwa tamu?" Sista aliuliza.

Hapo ndipo uso wa mama ulipokunjamana. Yule bingwa, mcheshi wa wodi, mwalimu wa benchi la nje, alianza kulia bila sauti, machozi yakishuka mpaka kwenye kola ya gauni la hospitali.

"Tamu sana," alisema. "Na kila nikimeza naogopa. Siwezi kuacha, na naogopa. Mwanangu, nifanyeje?"

Sista alivuta stuli akakaa. Miaka yote hii ya kufundisha, hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hivyo.